Mwadingusha: mashine sita, chuma kimoja, na somo kwa wanaorekodi kwaya

Kwenye maporomoko ya mto Lufira, mashariki mwa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, kituo cha umeme cha Mwadingusha kina mashine sita. Kila mashine inazungushwa na maji yake, na inaweza kusimamishwa peke yake ili mafundi waikague. Lakini hakuna waya unaotoka kwenye mashine ya tatu kwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya mtu. Kama katika kituo chochote cha umeme, nguvu za mashine zote zinakutana kwenye vyuma vya pamoja, ambavyo mafundi wetu wanaviita kwa Kifaransa jeu de barres. Kutoka hapo ndipo laini zinaanza safari ya kwenda mijini na migodini.

Waingereza wanakiita chuma hicho bus bar. Neno bus limekatwa kutoka Kilatini omnibus, maana yake «kwa wote», na ndilo neno lililolipa gari la abiria jina lake. Vijana wanaorekodi kwaya kwa kompyuta wanalikuta pia ndani ya programu zao: bus, au basi. Kazi yake huko ni ileile ya Mwadingusha, yaani kukusanya vingi mahali pamoja kabla ya kuvipeleka mbele. Anayeliruka hulipa baadaye, na mara nyingi kwaya ndiyo inayolipa pamoja naye.

Chukua mfano wa kwaya ya kijijini yenye waimbaji 20 na wapigaji watano, iliyochanga pesa miezi kadhaa kwa ajili ya siku moja ya studio mjini. Siku hiyo ikiisha, kompyuta inaweza kuwa na pisti 30 au zaidi. Pisti ni njia moja ya sauti iliyorekodiwa. Batri peke yake inaweza kula pisti nane, kwa sababu karibu kila ngoma ina maikrofoni yake. Kuna gitaa la solo, la mi-solo, la akompa na la besi. Kinanda kinachukua mbili, kushoto na kulia. Halafu soprano, alto, tena na besi, kila kundi likiwa limeimba mara mbili au tatu ili lisikike nene.

Kisha mwalimu wa kwaya anasikiliza na kusema batri inafunika waimbaji, ishuke kidogo. Ombi dogo. Lakini fundi ambaye hakupanga mabasi anashusha pisti nane, moja baada ya nyingine, na uwiano alioutafuta nusu saa kati ya ngoma kubwa na ngoma ndogo unavunjika. Mwalimu anaomba tena, soprano zipande. Pisti tatu nyingine. Saa mbili baadaye hakuna anayekumbuka wimbo ulikuwa mzuri wakati gani, na siku ya studio imekwisha.

Aliyepanga mabasi anafanya kazi nyingine kabisa. Pisti nane za batri haziendi tena moja kwa moja kwenye matokeo ya mwisho. Zote zinaingia basi la batri. Magitaa yana basi lao. Kila kundi la sauti lina basi dogo, na mabasi hayo manne yanaingia basi moja kubwa la waimbaji. Mwalimu akisema batri ishuke, kinasogezwa kitelezi kimoja tu, na ngoma zote zinashuka pamoja bila kubadilisha uwiano wao. Zaidi ya hapo, mazungumzo yanabadilika. Mwalimu wa kwaya hajui pisti ya 17 ni nini, na hana haja ya kujua. Anajua alto. Fundi aliyepanga mabasi anazungumza naye kwa lugha hiyo.

Ipo tofauti moja inayowachanganya wanaoanza. Programu nyingi zina namna mbili za kuweka pisti pamoja. Ya kwanza ni kufunga vitelezi tu: ukisogeza kimoja, vingine vinafuata, lakini kila sauti inaendelea kupita njia yake. Ya pili ndiyo basi lenyewe, ambako sauti zinamwagwa pamoja kweli na kutoka zikiwa mto mmoja. Tofauti hiyo inasikika pale fundi anapoweka kompresa, kifaa kinachobana sauti zinazoruka juu sana. Ikiwekwa kwenye basi la waimbaji, inasikiliza jumla. Soprano mmoja akipiga kelele, kompresa inabana wote, na alto ambaye hakukosa anashuka pia. Wakati mwingine ndicho kinachotakiwa, maana kwaya inashikamana na kusikika kama mwili mmoja. Wakati mwingine ni adhabu kwa wasio na hatia, na dawa ni kumbana soprano huyo kwenye pisti yake kabla hajafika kwenye basi.

Jumla hiyo ina hesabu yake. Ukarabati wa Mwadingusha ulikamilika mwaka 2021, na mashine sita, zenye megawati 13 hivi kila moja, zinatoa jumla ya karibu megawati 78. Chuma cha pamoja lazima kiweze kubeba jumla hiyo, si sehemu moja tu. Katika sauti, pisti mbili zilizo tofauti lakini zenye nguvu sawa zikikutana zinapanda kwa desibeli 3 hivi. Nne, desibeli 6. Nane, desibeli 9. Ndiyo maana kila pisti inaweza kuonyesha taa ya kijani peke yake, na basi likawaka nyekundu. Programu nyingi za leo zina nafasi ya ndani ya kubeba ziada, lakini faili la mwisho halina. Kinachovuka sifuri kinakatwa, na mkato huo unasikika kama mchanga kwenye meno, hasa kwaya nzima inapoimba kwa nguvu mwishoni mwa wimbo.

Basi lina faida nyingine ambayo studio ndogo zinaihisi haraka: linapunguza mzigo wa kompyuta. Mwangwi wa kutengenezwa, ule unaofanya chumba cha mita tatu kisikike kama kanisa kuu, unaitesa kompyuta. Kuuweka kwenye pisti 12 za waimbaji ni kuiomba kompyuta ijenge makanisa 12. Kuweka mwangwi mmoja kwenye basi, kisha kuwatuma waimbaji wote humo, ni kujenga kanisa moja. Na ndivyo inavyofaa hata kwa sikio, kwa kuwa kwaya huimba mahali pamoja. Kompyuta yenye kazi ndogo inakula pia betri polepole, jambo ambalo si dogo wakati wa delestaji. Umeme unazaliwa Lufira, lakini una wateja wakubwa kuliko studio: ukarabati wa Mwadingusha uligharimiwa na mradi wa shaba wa Kamoa-Kakula, kwa makubaliano na SNEL.

Hapo kuna mtego mmoja. Ikiwa kila pisti inatuma sauti yake kwenye mwangwi kivyake, fundi anaposhusha basi la waimbaji hadi chini, waimbaji wanatoweka lakini mwangwi wao unabaki, kama mizimu ndani ya kanisa tupu. Sababu ni kwamba sauti ilikwisha kwenda kwenye mwangwi kabla ya kufika kwenye basi. Fundi autume mwangwi kutoka kwenye basi lenyewe, au aurudishe mwangwi ndani ya basi hilohilo, na tatizo linakwisha.

Majina yanatofautiana kwa programu. Cubase ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ina njia maalumu za makundi. Katika FL Studio, inayotengenezwa Ubelgiji, mtumiaji anaelekeza njia moja ya meza ya kuchanganyia kwenye nyingine, na hiyo ya pili inakuwa basi. Katika Reaper, pisti zinawekwa ndani ya pisti nyingine kama faili ndani ya folda, na folda hiyo yenyewe ndiyo basi. Inaweza kujaribiwa siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Audacity, ambayo ni ya bure na ambayo wengi wameanzia, kwa miaka mingi haikuwa na njia hiyo. Ilibidi pisti ziunganishwe na kufanywa moja, na hapo kurudi nyuma ni vigumu.

Mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, jina la Likasi wakati wa ukoloni. Hapakuwa na pisti 30. Gitaa na sauti viliingia pamoja. Kidole gumba cha Mwenda kilishika besi, kidole cha pili kikapiga wimbo juu yake, kwa hiyo uwiano ulikuwa umekwisha kupangwa mkononi mwake kabla haujafika kwenye mashine. «Masanga» bado inasikilizwa duniani, na maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 iko leo Makhanda, Afrika Kusini. Rekodi ile haikugawanywa katika pisti, lakini inafunguka kwenye chombo chochote.

Kazi ya kwaya iliyorekodiwa leo iko kinyume: kila kitu kinatengeka, lakini faili la kazi linategemea programu, toleo lake na vifaa vya ziada vilivyotumika. Kompyuta ikifa au programu ikibadilika, faili linaweza kukataa kufunguka. Kwa waliopanga mabasi, kinga ni rahisi. Kila basi linatolewa kama faili lake la WAV, yote yakianza sekunde ya sifuri ileile: batri, besi, magitaa, kinanda, waimbaji, mwangwi. Programu yoyote itayafungua na kuyapanga sawasawa hata baada ya miaka mingi. Bila faili la waimbaji na la mwangwi, kwaya ina playback ya Jumapili ambayo mpigaji wa kinanda hakufika.

Wimbo wa dakika tano, kwa biti 24 na kilohezi 48, unachukua karibu megabaiti 86 kwa kila faili. Mabasi sita yanafika megabaiti 520 hivi. Nyimbo kumi zinaingia kwenye flash ya gigabaiti 8 na nafasi inabaki. Mwalimu wa kwaya anaweza kuiomba kabla ya kulipa salio, wakati kompyuta ya studio bado inawaka.