Mvua za Masika Hazingoji: Mbegu, Mafunzo na Mtaji wa Halali kwa Mkulima wa Pwani



Kaskazi imeanza kulegea, na joto la Machi limekuwa zito. Kuanzia Vanga hadi Kiunga, kila mwenye konde sasa atazama upande wa bahari. Katika ukanda wetu mvua za masika huanza mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, hufikia kilele chake mwezi wa Mei, kisha hupungua taratibu kuelekea Julai. Mama mwenye eka moja huko Msambweni, Matuga, Kaloleni au Magarini amebakiwa na wiki chache tu za kusafisha shamba, kutafuta mbegu na kupata fedha za kulimia.

Na hapo kwenye fedha ndipo penye mtihani. Katika miaka hii Ramadhani na Idi zimeangukia karibu na msimu wa kupanda. Karo imelipwa, akiba imekwisha, na ghala ni tupu. Dalali analijua hilo. Haji na noti zake wakati wa mavuno. Huja wakati wa dhiki. Mkopeshaji naye huja na karatasi inayotaka malipo yaanze mwezi ujao, ilhali mahindi yaliyopandwa Aprili hayavunwi kabla ya Julai au Agosti.

Makala haya yanakusudia kuzikumbusha familia zetu jambo moja: fedha inayoingia shambani sharti ifuate kalenda ya mvua, wala si kalenda ya mwenye fedha. Njia za kufanya hivyo bila ya kuingia katika riba zipo, na baadhi yake ni kongwe kama dini yenyewe.

Tuusikilize utabiri

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa makadirio ya msimu wa Machi, Aprili na Mei, na maafisa wake wa kaunti huyafafanua kwa kila eneo. Utabiri si elimu ya ghaibu, kwani ghaibu aijua Mwenyezi Mungu peke yake. Hata hivyo, ni makadirio yanayomsaidia mkulima kuamua apande nini na kwa kiasi gani.

Hatujasahau ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu ilipofuatana bila ya mvua ya kutosha, na mifugo ikafa Kilifi, Kwale na Tana River. Wala hatujasahau mwisho wa mwaka 2023, mafuriko yalipozihamisha familia nyingi kando ya Mto Tana. Funzo ni kwamba mkulima mdogo hapaswi kulitegemeza shamba lake lote kwa zao moja. Weka mahindi sehemu moja, pojo na kunde sehemu ya pili, na mihogo sehemu ya tatu. Pojo huiva kwa muda wa miezi miwili na kidogo, hivyo hata mvua ikikatika mapema, nyumba haikosi kitoweo.

Mbegu na mbolea

Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Mtwapa kimefanya kazi kwa miaka mingi kutafuta mbegu zinazoifaa hali yetu ya hewa. Mahindi ya Pwani Hybrid 4, yanayojulikana zaidi kama PH4, yalitengenezwa kwa ajili ya Pwani, na mfuko wa kilo 10 hutosha eka moja. Kwa upande wa mihogo, wengi wetu tumezoea Kibandameno kwa utamu wake, lakini hushikwa upesi na maradhi ya batobato na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha mizizi huku majani yakionekana mazima. Aina za Tajirika, Karembo na Shibe zilitolewa ili kutupa mavuno makubwa na kustahimili maradhi zaidi. Ukitaka vipando, chukua kwa mkulima aliyekaguliwa au kituoni. Usikate tu kwa jirani kwa sababu shina linapendeza.

Tahadhari na mbegu bandia. Mfuko halali wa mbegu una kibandiko cha KEPHIS. Ukikwangua utakuta nambari ya siri, ambayo hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 1393. Jibu litakuambia kama mbegu hiyo imethibitishwa. Fanya hivyo ukiwa bado mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa. Risiti na mfuko mtupu uviweke mpaka mavuno, kwani mbegu zisipoota, huo ndio ushahidi wako.

Mbolea ya ruzuku ya serikali imekuwa ikiuzwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 tangu Agosti 2023, kwa wakulima walioandikishwa. Uandikishaji hupitia kwa chifu na wasaidizi wake. Dada zetu wengi hukosa kwa sababu jina lililoandikwa ni la mume aliyeko Mombasa au Ghuba, na ujumbe wa simu humfikia yeye. Anayelima ndiye aandikishwe, kwa kitambulisho chake na nambari yake ya simu. Na kwa kuwa udongo wetu mwingi ni wa mchanga, samadi iliyooza vyema isikosekane. Mchanga mtupu hauishiki mbolea, mvua kubwa ya Mei huishusha chini ya mizizi.

Elimu ifuatwe, na pia iitwe

Mafunzo yapo. Mtwapa kuna kituo cha utafiti na pia kituo cha mafunzo ya kilimo. Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, ambacho hapo awali kilikuwa taasisi ya kilimo, nacho kina wataalamu wa fani hii. Kila wadi ina afisa wa kilimo au mwenzake aliye karibu.

Tatizo la akina mama si uhaba wa mafunzo, bali saa na mahali pa kufanyiwa. Mkutano ukiitishwa asubuhi, mbali na nyumbani, mama mwenye watoto wadogo hawezi kufika. Basi kikundi cha wanawake 10 au 15 kiandike barua kumwalika afisa aje kwao, alasiri, katika uwanja wa madrasa au ua wa mmoja wao. Katika kikao hicho waombe wafundishwe mambo matatu.

La kwanza ni kuwatambua viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, wangali wadogo ndani ya kikonyo cha mahindi. Wakikua, dawa haiwafikii. La pili ni nafasi ya kupandia na wakati wa kuweka mbolea. La tatu ni kukausha na kuhifadhi, ili nafaka isiingiwe na sumukuvu, sumu ya ukungu inayodhuru ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: tia mahindi kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani.

Embe lililo mtini na embe lililo kwenye mizani

Sasa turudi kwenye mtaji. Desturi iliyoenea kwetu ni kuuza matunda yakiwa juu ya mti. Dalali hutazama mwembe uliojaa maua, au mkorosho usiofunga hata tunda moja, akataja bei ya mti mzima na kulipa papo hapo. Maua yakipukutika kwa upepo, dalali hulalamika kuwa ameibiwa. Matunda yakijaa, mwenye mti hutazama lori likiondoka na mali yenye thamani maradufu ya alichopokea. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya uzima wake kudhihirika, na atakaye kuiona hekima ya katazo hilo aende mashambani kwetu. Lazima mmoja adhulumike, na mara nyingi adhulumikaye ndiye mwenye njaa.

Lakini sheria haikumwacha mkulima bila ya njia. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuipiga marufuku biashara hiyo, bali aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Huo ndio mkataba wa salam.

Tofauti ya mikataba hii miwili ni kubwa. Katika ule wa kwanza dalali hununua matunda ya mti fulani, yawe mengi au yasiwepo. Katika salam mkulima huuza kiasi maalumu cha mazao ya sifa maalumu, yatakayokabidhiwa siku maalumu, bila ya kufungwa na mti wala shamba fulani. Na bei yote hulipwa pale pale mkataba unapofungwa. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, hilo ni sharti la kikao chenyewe. Mnunuzi akisema atatoa nusu leo na nusu baadaye, hiyo si salam tena.

Tuchukue mfano. Kikundi kina eka mbili na kinatarajia magunia 16 ya mahindi ya kilo 90. Kikamwendea mwenye duka la nafaka na kumuuzia kwa salam magunia 5 makavu na safi, kwa shilingi 2,800 kila moja, ya kukabidhiwa mwisho wa Agosti. Kimepata shilingi 14,000 taslimu za mbegu na kulimia, bila ya riba na bila ya kulipa chochote kabla ya mavuno. Magunia 11 yaliyobaki ni yao, na bei yake ni ya soko la siku hiyo.

Kwa nini 5, wala si 16? Kwa sababu salam ni deni. Mvua ikikosekana, mkulima bado anadaiwa: mnunuzi ana hiari ya kusubiri msimu mwingine au kurudishiwa fedha zake, bila ya nyongeza. Hivyo uza kiasi ambacho hata shamba likitoa nusu ya matarajio utaweza kukitoa. Na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, hata kama mnunuzi ni ami yako.

Hazina, benki na mfuko wa kikundi

Serikali ilianzisha Hazina ya Wanawake mwaka 2007 na Hazina ya Uwezo mwaka 2013. Mikopo ya vikundi katika hazina hizi haitozwi riba, bali ada ya usimamizi: asilimia 5 kwa ya kwanza na asilimia 3 kwa ya pili. Uwezo hutoa pia muhula wa miezi sita kabla ya marejesho kuanza, muda unaotosha msimu mzima wa mahindi. Kuhusu ada hizo, wanazuoni hutenganisha malipo yanayofidia gharama halisi za kazi na nyongeza inayopanda kwa kadiri ya mkopo. Mwendeeni shekhe wenu na fomu mkononi, asome masharti kabla hamjatia sahihi. Mkopo wa Hustler, uliozinduliwa Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na hukumu yake haihitaji maelezo marefu.

Benki za Kiislamu zilianza kazi nchini mwaka 2008. Kwa mkulima, mkataba unaofaa zaidi ni murabaha: benki hununua pampu ya maji au mashine ya kukuna nazi, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei na faida inayojulikana. Omba awamu za malipo zipangwe baada ya mavuno. Usipoomba, utapangiwa za kila mwezi.

Na usiudharau mfuko wenu wenyewe. Wanawake 10 wakiweka shilingi 100 kila wiki kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, wiki 26, watakuwa na shilingi 26,000 msimu wa kupanda unapowadia. Fedha hizo zikikopeshwa kwa qardh hasan, mkopo mwema usio na nyongeza, dalali hatakuwa na mlango wa kubisha. Familia zenye uwezo nazo zikitoa zaka ya mazao yao, maskini wa jirani mwenye kulima aweza kusaidiwa kwayo mbegu ya mwaka unaofuata.

Ya kufanya wiki hii

Kwanza, kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na bila ya cheti hakuna hazina itakayowasikiliza. Pili, kila anayelima ahakikishe jina lake limo katika orodha ya mbolea kwa chifu. Tatu, barua ya kumwalika afisa wa kilimo ipelekwe kabla ya mvua kuanza. Nne, hesabu ya msimu iandikwe katika daftari: gharama, mavuno yanayotarajiwa, na kiasi kinachoweza kuuzwa kwa salam bila ya kuiacha nyumba na njaa.

Mola atujaalie mvua ya kheri isiyo na madhara, azibariki mikono ya mama zetu mashambani, na atuepushe na deni linalotushinda kulipa. Amin.