Siri ya Mchangiaji, Usalama wa Mgonjwa

Mkoa wa Kigoma, nchini Tanzania, umo katika Kanda ya Magharibi ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, na makao ya kanda hiyo yako Tabora, mbali na nyanda za juu za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, ambako malaria huwapunguzia watoto damu na baadhi ya akina mama huvuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Akiba ya damu jokofuni inapokwisha, ndugu wa mgonjwa huitwa kuchangia, na hapo ndipo haki ya mchangiaji ya kutunziwa siri hukutana na haki ya mgonjwa ya kupewa damu isiyo na maradhi.

Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Hata hivyo, vipimo vya kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda ili kupambana na kimelea, vinaweza kushindwa kugundua maambukizi ya wiki chache zilizopita, kwa kuwa kingamwili hazijafikia kiasi cha kuonekana ilhali virusi vimekwisha kuingia katika damu. Pengo hilo, ambalo wataalamu huliita kipindi cha dirisha, huzibwa kwa sehemu kubwa na majibu ya kweli ya mchangiaji kuhusu mwenendo wake.

Mtu anayeulizwa kuhusu wapenzi wake huku mkwewe ameketi kwenye benchi la nje, akisikia kila neno, atajibu nini? Akikataliwa, ukoo mzima utakisia sababu, hata kama tatizo ni uzito usiofika kilo 50. Kwa hiyo dai kwamba usiri ni anasa inayohatarisha jamii halina mashiko: palipo na hofu ya kuumbuka, uongo huingia kwenye dodoso, na anayeulipia ni mgonjwa.

Haki hiyo ya usiri ina mpaka wake. Mchangiaji anastahili kuelezwa majibu yake faraghani, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha virusi hivyo. Lakini hawezi kudai damu yake itumike, kwa kuwa kuchangia ni hisani. Wala asikataliwe kwa asili yake, jambo la kuangaliwa sana katika wilaya zilizowapokea wakimbizi wa kambi za Nduta na Nyarugusu, ambako ubaguzi huweza kuitwa tahadhari.

Hospitali inayowahoji wachangiaji mbele ya jamaa zao haina budi kutafuta chumba chenye mlango, na kuhusu anayekataliwa isemwe tu kwamba hawezi kuchangia siku hiyo, bila sababu kutajwa.