Picha za Chini ya Bahari: Msaada kwa Elimu na Hifadhi

Msitu ukikatwa kila apitaye njiani huona visiki. Mwamba wa matumbawe ukivunjwa kwa baruti, uso wa bahari hubaki vilevile, wa buluu na wa kupendeza. Hii ni sababu moja inayofanya hifadhi ya bahari iwe ngumu. Wengi wanaoombwa kuacha kuvua mahali fulani hawajapata kuona kwa macho yao kilichoharibika, wala kilichobaki. Makala hii inaeleza jinsi picha zinazopigwa chini ya maji zinavyosaidia.

Zinapigwaje?

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa viumbe Mfaransa, Louis Boutan, alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer, Ufaransa, kwa kamera iliyofungwa ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Leo kamera ni ndogo na rahisi zaidi, lakini maji hayajabadilika. Maji hunyonya mwanga, na rangi nyekundu hutangulia kupotea. Kwenye kina cha mita 10 karibu kila kitu huonekana buluu au kijani. Ndiyo maana mpiga picha hutumia taa na kusogea karibu na anachokipiga. Hapo lazima awe mwangalifu asikanyage matumbawe, kwa kuwa yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka.

Picha kama kumbukumbu

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani ya Kenya na Tanzania, yalipauka na kufa. Ili kujua kama mwamba unapona, watafiti huweka fremu ya mraba juu ya mwamba na kupiga picha kutoka juu. Baadaye, wakiwa nchi kavu, huhesabu ni sehemu gani ya picha ina matumbawe hai, mwani au kifusi. Wakirudia kazi hiyo mahali palepale kila mwaka, mabadiliko huonekana wazi.

Huko Mafia picha hutumika kumtambua papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa nyuma ya matamvua, kama alama za vidole kwa binadamu. Programu ya kompyuta inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanajimu za kulinganisha makundi ya nyota. Kwa njia hiyo imefahamika kwamba papa walewale huonekana Mafia mwaka hadi mwaka. Ni wakazi wa eneo hilo, na akiuawa mmoja si rahisi kupata wa kujaza nafasi yake.

Picha kama mwalimu

Watoto wengi wa pwani hukua karibu na bahari bila kujifunza kuogelea, hasa wasichana. Hifadhi ya Chumbe, Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 1994, hupeleka wanafunzi majini wakiwa na miwani ya kuzamia ili wauone mwamba wenyewe. Si kila shule inaweza kufika huko. Kwa shule nyingine, picha za mwamba wa kijijini kwao, zenye majina ya samaki kwa lugha ya wavuvi, hufaa kuliko picha za bahari za mbali.

Picha kwenye kikao cha kijiji

Katika baadhi ya vijiji vya pwani, wananchi hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Wanaobeba mzigo zaidi ni akina mama wanaookota pweza maji yanapokupwa, kwani hapo ndipo hupata kitoweo na ada za shule. Wana haki ya kuuliza: tunaacha riziki yetu kwa faida gani? Picha za kabla ya kufunga na za baada ya kufunga ni sehemu ya jibu, pamoja na uzito wa pweza siku ya kufungua. Kama picha hazionyeshi mabadiliko, kikao kiambiwe hivyo hivyo.

Ushauri kwa kamati na wafadhili

1. Kila picha iandikwe tarehe, mahali na kina. Bila hayo haiwezi kulinganishwa na nyingine.

2. Nakala zibaki kijijini, na zionyeshwe kwanza huko kabla ya kupelekwa kwa wafadhili.

3. Picha za mwamba ulioharibika zisifichwe. Mfadhili anayepewa picha nzuri tu hawezi kujua msaada wake unahitajika wapi.

4. Sehemu zenye jongoo bahari wengi zisitangazwe hadharani, kwani hata wezi huangalia picha.

5. Bajeti isiishie kwenye kamera. Mafuta ya boti, betri na mafunzo huhitajika kila mwaka. Asiyefundishwa kuzamia asitumwe kuzamia.

Kamati inayotaka kuanza ichague mwamba mmoja, ikubaliane na wavuvi na kamati yao ya rasilimali za pwani, na ipange ni nani atarudi kupiga picha mahali palepale mwaka ujao. Kama jina la mtu huyo halijapatikana, ni afadhali kusubiri kabla ya kununua kamera.