NAIROBI HADI NEW YORK: KWENDA MASAA 7, KURUDI 22?

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kabla ya hapo ilimbidi msafiri abadilishe ndege njiani, London au Amsterdam kwa mfano. Lakini ukizitazama saa za tikiti, utadhani aliyeziandika alikuwa anasinzia.

Tuseme ni mwezi wa Januari. Ndege inaondoka Nairobi saa sita usiku na kutua New York saa moja asubuhi. Hesabu kwa vidole: masaa 7. Kurudi, inaondoka huko saa saba mchana na kufika kwetu saa tano asubuhi ya kesho yake, yaani masaa 22! Je, ndege huchoka?

La, haichoki. Wakati huo wa mwaka saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa masaa 8. (Kati ya Machi na Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7.) Basi 7 ongeza 8 ni 15, na 22 toa 8 ni 14. Hayo ndiyo masaa ambayo abiria hukaa kitini.

Mbona kurudi ni kwepesi kwa saa nzima? Ni upepo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa. Anayekwenda Marekani hupambana nao. Anayerudi husukumwa mgongoni.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Hapa chukua tufe la darasa la jiografia na uzi, usichukue rula na ramani ya ukutani. Rula itakupitisha juu ya Nijeria na Mali. Uzi ukiukaza vizuri utapanda kaskazini, uvuke Sahara na kutokea Moroko kabla ya bahari. Kumbe njia inayoonekana kupinda ndiyo fupi, kwa zaidi ya kilomita 300! Ni kweli rubani haufuati uzi sawasawa, kwa sababu ya upepo na anga asizoruhusiwa kupita, lakini huo ndio msingi wake.

Hesabu hizi si za mtihani tu. Nyanya yetu alipofariki mwezi wa Januari, wazee walipanga mazishi yawe Jumamosi asubuhi, Kakamega. Shangazi yangu, bintiye, anafanya kazi New York. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Aondoke Ijumaa mchana, ndege siku hizi ni masaa saba tu." Nilichukua karatasi nikawaonyesha: akiondoka Ijumaa saa saba mchana, huku kwetu tayari ni saa tatu usiku. Ongeza 14, anatua Jumamosi saa tano asubuhi, na bado ana safari ya barabara ya siku nzima. Angefika kaburi limeshafunikwa.

Wazee walinyamaza kidogo, kisha mmoja akaomba simu. Shangazi alipanda ndege ya Alhamisi.