UZI: Eti binadamu tutaangamia? Swali ambalo midahalo hairudi kulijibu

1/ Juzi nilikuwa natazama mdahalo na bibi yangu, nyumbani Kibokoni. Mazingira yakapewa dakika tano za mwisho. Mmoja akasema, "Tukiendelea hivi binadamu tutaangamia." Mwenzake akamjibu, "Mwananchi anataka unga, sio hadithi za barafu." Makofi, kipindi kikaisha. Bibi akanigeukia: "Sasa mwanangu, wamejibu nini hawa?"

Sitataja mtu wala chama. Huu uzi ni jibu langu kwa bibi.

2/ Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wanasiasa huyachanganya. Kutoweka ni asibaki binadamu hata mmoja. Kuporomoka kwa mazingira ni vile vitu vinavyotubeba, yaani mvua, samaki, udongo, maji ya kunywa, kuharibika mpaka watu wahame walipozaliwa.

Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa halijasema hilo la kwanza litatokea karne hii. La pili, linasema madhara tayari tunayaona, na ukubwa wake utategemea tutaendelea kuchoma mafuta na makaa ya mawe kiasi gani.

3/ Namba, kwa ufupi. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda wastani wa sentimita 20. Kufikia 2100, dunia ikipunguza moshi haraka sana, makadirio ni sentimita 28 hadi 55 juu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa karne hii. Ikiendelea kuongeza moshi, ni 63 hadi karibu mita moja.

Angalia hapo katikati. Ile tofauti haitoki kwa maumbile. Inatokana na maamuzi, na maamuzi ndiyo siasa yenyewe.

4/ Sasa tembea Mji wa Kale. Fort Jesus imekaa juu ya mwamba wa matumbawe tangu miaka ya 1590, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mawimbi yalikuwa yanaula ule mwamba, ikabidi ujengwe ukuta wa bahari mbele ya ngome.

Ni kazi nzuri, sina ubishi. Lakini jiulize: nani anaamua ukuta uanzie wapi na uishie wapi? Ngome ina cheo cha dunia. Nyumba ya mvuvi haina. Kwetu mvua ya masika ikishika, kazi ya kwanza ni kuinua magodoro.

5/ Hoja utakayoisikia sana: "Sisi hatukuharibu, waulizeni walioharibu." Ina ukweli mkubwa. Moshi wa Kenya ni chini ya asilimia 1 ya moshi wa dunia nzima. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe yaligeuka meupe na mengi yakafa magharibi mwa Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo. Wavuvi wa hapa ndio waliopata hasara.

Ndiyo maana kule Sharm el-Sheikh mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Kudai hiyo pesa ni haki. Sio kuombaomba.

6/ Ila hoja hiyo hiyo hutumiwa kujificha, kwa sababu yako mambo tunayoamua wenyewe.

Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi, Lamu. Wakaazi kupitia Save Lamu wakapinga. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Tuliambiwa ni makaa ama giza. Na wakati huo umeme wetu mwingi tayari ulikuwa unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

7/ Upande mwingine kuna wale wa "tumeshachelewa, tungoje mwisho." Kijiweni inasikika kama hekima. Lakini mara ngapi tumeona tukiamua, mambo yanabadilika?

Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipunguza kemikali zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Sasa linapona, na sehemu kubwa ya dunia linatarajiwa kurudi lilivyokuwa 1980 kufikia karibu 2040. Hapa kwetu, Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Watu walicheka. Leo unaenda Marikiti na kikapu chako bila kufikiria.

8/ Na tuwe wakweli, sio kila "ushindi" ni ushindi. Jaa la Kibarani lilifungwa, pakawa bustani. Unavuka Makupa unaona kijani, unafurahi. Takataka zikapelekwa Mwakirunge. Kwa hiyo tatizo lilihama, na wa Mwakirunge wana mapua kama sisi.

Mwanasiasa akijisifu amesafisha, muulize uchafu ameupeleka wapi.

9/ Mfano ninaoupenda uko Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko, unauza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa, na pesa zinaingia kwa maji na shule za kijiji. Mikoko huvunja mawimbi na samaki huzalia humo.

Haitaokoa dunia peke yake, hekta 117 ni ndogo sana. Halafu kuna mjadala halali: anayenunua kaboni hiyo anapunguza moshi wake, au ananunua ruhusa ya kuendelea? Lakini ukilinganisha na mikoko ya Tudor ilivyokatwa, unaona tofauti ya kijiji kilichopewa sauti.

10/ Kwa hivyo mdahalo ujao, wakirushiana "tutaangamia" na "unga", andika maswali haya:
• Mpango wako unapunguza nini, lini, kwa pesa ya nani?
• Nani analindwa kwanza, na nani ameachwa nje ya ukuta?
• Wakaazi waliulizwa kabla ya leseni, ama baada?

Na ujue Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla wewe binafsi hujapata hasara. Huhitaji kungoja maji yafike kwa godoro.

11/ Nilimjibu bibi hivi: binadamu hatutaisha kesho. Kinachoamuliwa sasa ni nani atabaki kwao na nani atahama, na wale wawili kwenye runinga hawakuligusa hilo.

Akasema, "Basi mtu awaulize." Ndio nawaachia hapa. Mtaani kwenu ni swali gani la mazingira ambalo hakuna aliyewahi kulijibu?