Picha Iliyodumu Kuliko Daraja

Mtu akiulizwa ni kipi kitakachodumu zaidi, daraja la chuma au kipande cha karatasi, bila shaka atajibu kwamba ni daraja. Lakini mambo yaliyotukia katika mji wa London yaonyesha vingine.

Mwaka 1845 daraja la Hungerford lilifunguliwa juu ya mto Thames ili watu wavuke kwa miguu. Aliyelibuni ni Bwana Isambard Kingdom Brunel, mhandisi mashuhuri wa Uingereza. Daraja hilo lilining'inia kwa minyororo mikubwa ya chuma iliyopitishwa juu ya minara miwili ya matofali.

Karibu na wakati huo Bwana William Henry Fox Talbot alilipiga picha. Siku zile wapigaji wengi walitumia bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba moja lilitoa picha moja tu. Bwana Talbot alitumia karatasi. Aliipaka dawa ya fedha, akaitia ndani ya kamera, akapata picha ya kinyume, yaani penye mwanga huonekana peusi na penye giza peupe. Kisha aliilaza juu ya karatasi nyingine iliyotiwa chumvi na dawa ya fedha, akaziweka juani, na picha iliyo sawasawa ikatokea. Hivyo picha moja ya kinyume iliweza kuzaa nakala nyingi.

Daraja lenyewe halikukaa sana. Lilivunjwa mwaka 1860 ili kupisha reli. Minyororo yake haikutupwa, bali ilitumiwa katika daraja la Clifton huko Bristol, lililofunguliwa mwaka 1864, nalo lingali likitumika hata leo. Lakini atakaye kuliona daraja la Hungerford likiwa zima hana budi kuitazama picha ile, ambayo imehifadhiwa katika makumbusho.

Watunzaji hawaiachi ukutani daima, kwa maana picha za namna hiyo hufifia kwa mwanga. Huifungia mahali pa giza pasipo unyevu.

Basi msomaji mwenye picha ya zamani ya wazazi wake, au ya soko la kwao, asiidharau. Aiweke mbali na jua, na nyuma yake aandike polepole, kwa kalamu ya risasi, majina ya watu, mahali na mwaka. Nyumba huanguka na wazee hufariki. Picha isiyo na jina, wajukuu hawataitambua.