Dalili Mpya si Lazima Ugonjwa Mpya: Kukabili Maudhi ya Dawa za Sonona Zinapotumiwa Pamoja na Dawa Nyingine za Akili

Mama mwenye umri wa miaka 62 aligunduliwa kuwa na sonona kali iliyoambatana na kusikia sauti zisizokuwapo. Aliandikiwa amitriptilini, ambayo ni dawa ya sonona, pamoja na klorpromazini, ambayo ni dawa ya saikosisi. Katika wiki zilizofuata alianza kulala, akala vizuri, na sauti zikapungua. Mwezi wa pili mikono yake ilianza kutetemeka na mwendo ukawa mzito. Akaongezewa triheksifenidili, dawa ambayo wengi huifahamu kwa jina la Artane. Mwezi wa tatu alilalamika kwamba hapati choo kwa siku nne au tano mfululizo. Akapewa dawa ya kulainisha choo. Mwezi wa nne alianza kuweweseka usiku, akiokota wadudu wasioonekana juu ya shuka na kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Ndugu walisema ugonjwa umerudi. Jirani alisema ni mashetani. Mhudumu wa kwanza aliyemwona alikuwa tayari ameshika kalamu ili aongeze dozi ya klorpromazini.

Mfano huu si wa mgonjwa mmoja anayejulikana. Umejengwa ili kuonyesha njia ambayo matibabu mema yanaweza kuifuata hadi yakageuka kuwa chanzo cha mateso. Katika kila hatua mhudumu alisikiliza malalamiko na akatoa dawa. Lililokosekana ni swali moja: je, dalili hii mpya inatokana na ugonjwa, au inatokana na dawa ambazo mgonjwa anazitumia tayari?

Kwa nini dawa huunganishwa

Kuunganisha dawa za akili si kosa. Sonona inayoambatana na saikosisi huhitaji dawa ya sonona pamoja na dawa ya saikosisi. Mgonjwa wa baipola anayepatwa na sonona hapaswi kupewa dawa ya sonona peke yake, kwa sababu inaweza kumsukuma kwenye mania, yaani uchangamfu uliopita kiasi, usingizi kutoweka na maamuzi ya hatari. Huhitaji kwanza dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, kama vile lithiamu au valproati. Mwenye wasiwasi mkubwa huweza kupewa diazepamu kwa siku chache wakati dawa ya sonona ikisubiriwa kufanya kazi, kwani dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu ya kuridhisha.

Hatari huanza pale dawa zinapoongezwa moja baada ya nyingine bila mtu yeyote kuzitazama zote kwa pamoja. Katika kliniki nyingi mgonjwa huonwa na mhudumu tofauti kila mwezi, na kila mmoja huona karatasi yake tu.

Njia tatu ambazo dawa hukutana mwilini

Njia ya kwanza ni kulimbikizana. Amitriptilini, klorpromazini na triheksifenidili ni dawa za makundi tofauti, lakini zote tatu huzuia asetilikolini, kemikali inayotumiwa na neva kuamrisha mate, utumbo, kibofu, mboni za macho na sehemu ya kumbukumbu. Dawa moja huleta kinywa kikavu na choo kigumu. Zikiwa tatu, mkojo waweza kuziba, moyo ukaenda mbio, macho yakashindwa kusoma, na kwa mzee, akili ikavurugika kabisa. Vivyo hivyo, amitriptilini na klorpromazini zote hushusha presha mtu anaposimama na zote huleta usingizi. Zikiongezewa diazepamu au pombe, matokeo huwa kuanguka, kuvunjika nyonga, au usingizi mzito unaoathiri kupumua.

Njia ya pili hupitia kwenye ini, ambako vimeng'enya huvunja dawa ili zitoke mwilini. Fluoksetini hukizuia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, ambacho pia huvunja amitriptilini, haloperidoli na risperidoni. Mgonjwa anayemeza dozi ileile ya haloperidoli aliyoizoea huweza kukakamaa misuli baada ya kuanzishiwa fluoksetini, kwa kuwa kiasi cha haloperidoli katika damu kimepanda bila kidonge kuongezwa. Zaidi ya hayo, fluoksetini na zao lake hubaki mwilini kwa takriban wiki tano baada ya kuachwa. Kwa hiyo athari hiyo haiishi siku dawa inaposimamishwa. Kabamazepini hufanya kinyume: huharakisha kazi ya ini, hivyo amitriptilini na haloperidoli hupungua nguvu, na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huweza kushindwa kufanya kazi yake.

Njia ya tatu ni kupita kiasi kwa serotonini. Dawa za sonona huongeza kemikali hii, na hiyo ni sehemu ya kazi yake. Ikiongezwa kutoka pande mbili, mgonjwa huanza kutetemeka, kutokwa jasho, kuharisha, kuhangaika na kupandwa na homa, mara nyingi ndani ya saa 24 tangu dawa ibadilishwe. Lithiamu huweza kuchangia hali hii, lakini wahusika wengine hutoka nje ya kliniki ya afya ya akili. Tramadoli, dawa ya maumivu inayopatikana kwa urahisi kuliko inavyostahili, ni hatari kwa anayetumia fluoksetini, kwani huweza kuleta pia degedege. Linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, ni nyingine. Ndiyo maana kliniki ya kifua kikuu na kliniki ya afya ya akili zinapaswa kuulizana habari za mgonjwa wanayemtibu kwa pamoja.

Maudhi yanayoweza kudhibitiwa nyumbani

Maudhi mengi ya mwanzo hupungua mwili unapozoea. Kichefuchefu cha fluoksetini kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili; kumeza kidonge asubuhi baada ya kula husaidia. Amitriptilini humezwa usiku, ili usingizi wake uwe faida badala ya kero. Anayeona kizunguzungu akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, apumue mara kadhaa, ndipo asimame akiwa ameshika kitu imara.

Kinywa kikavu hutulizwa kwa maji kidogokidogo mchana kutwa. Soda na peremende si tiba, kwani kinywa kisicho na mate ya kutosha huozesha meno haraka, na uzito huongezeka. Choo kigumu huhitaji maji, matunda kama papai, mboga za majani, ugali wa dona na kutembea kila siku. Anayetumia amitriptilini pamoja na olanzapini apimwe uzito kila anapofika kliniki, na sukari ya damu ipimwe kwa vipindi, kwa sababu dawa zote mbili huongeza hamu ya kula.

Lipo pia jambo ambalo wagonjwa hulinyamazia. Dawa za sonona na za saikosisi huweza kupunguza hamu na uwezo wa tendo la ndoa. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, kisha kurudi kwao hospitalini kukahesabiwa kuwa ukaidi. Muuguzi akiuliza kwa staha, faraghani, na kueleza kwamba dozi au dawa yaweza kubadilishwa, humwokoa mgonjwa na aibu pamoja na ugonjwa.

Dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki

Mgonjwa au ndugu afike kituo cha afya siku hiyohiyo akiona mojawapo ya haya: homa kali pamoja na misuli iliyokakamaa, kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, mkojo kushindwa kutoka, kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, degedege, kutetemeka kwa nguvu pamoja na jasho na kuharisha, au mawazo ya kujiua, hasa katika wiki za kwanza za dawa mpya au baada ya dozi kubadilishwa. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua apewe vidonge vya siku chache kwa wakati mmoja, na vitunzwe na ndugu anayeaminika.

Anayetumia lithiamu ana orodha yake: kutapika, kuharisha, mkono kutetemeka kwa nguvu, kuyumba na ulimi kuwa mzito ni ishara kwamba dawa imezidi katika damu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wengi hujinunulia kwa ajili ya mgongo au jino, hupunguza uwezo wa figo kuiondoa lithiamu. Upungufu wa maji mwilini hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kuacha dawa kwa ghafla

Mgonjwa aliyechoshwa na maudhi huona njia fupi ni kutupa vidonge vyote. Njia hiyo ina gharama. Amitriptilini ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, kukosa usingizi na kuhangaika. Diazepamu iliyotumiwa kwa muda mrefu ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege. Lithiamu ikikatwa ghafla huweza kurudisha mania. Isipokuwa kwa dalili za hatari zilizotajwa, dawa hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa mpango aliouandika daktari na ambao mgonjwa ameuelewa.

Wajibu wa mtoa huduma

Kabla ya kuongeza dawa, mtoa huduma ana maswali manne ya kujibu. Dalili ilianza lini, na ni dawa gani iliyoanzishwa au kubadilishwa siku au wiki chache kabla yake? Mgonjwa anameza nini kingine, kikiwamo cha duka la dawa, cha mitishamba na cha jirani? Je, dozi yaweza kupunguzwa? Je, dawa yaweza kubadilishwa badala ya kuongezwa nyingine? Dawa mpya huja baada ya maswali hayo kujibiwa, na badiliko liwe moja kwa wakati mmoja, la sivyo haitajulikana lipi lililosaidia na lipi lililodhuru.

Kuhusu triheksifenidili, mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, haushauri dawa za kundi hilo zitolewe kama desturi ya kuzuia kutetemeka na kukakamaa. Huwekwa akiba, kwa muda mfupi, pale ambapo kupunguza au kubadilisha dawa ya saikosisi kumeshindikana. Pamoja na hayo, hazitupwi: kwa mgonjwa ambaye shingo au ulimi umepinda ghafla kwa sababu ya haloperidoli, dawa ya kundi hilo ni msaada wa haraka.

Madhara makubwa yaripotiwe. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa hizo kutoka kwa watoa huduma na kwa wagonjwa wenyewe.

Pindo la khanga

Turejee kwa mama yule. Aliyezuia kalamu ni muuguzi wa zamu.

"Shikamoo mama," alisema, kisha akamgeukia binti. "Dawa zote anazomeza mmekuja nazo?"

Binti alifungua pindo la khanga. Zilikuwamo zile tatu, na karatasi ya nne yenye vidonge vya manjano.

"Hizi ni Piriton. Alikuwa na mafua, tukanunua dukani. Zikamsaidia usingizi, tukaendelea."

Piriton nayo huzuia asetilikolini. Kinywa cha mama kilikuwa kikavu kama karatasi, mboni za macho zimepanuka, mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, na chini ya kitovu kibofu kilikuwa kimejaa. Aliwekewa mpira wa mkojo. Alipimwa malaria, sukari, chumvi za damu na maambukizi ya mkojo, kwa kuwa mzee anayechanganyikiwa ghafla huweza kuwa na zaidi ya sababu moja. Piriton na triheksifenidili zilisimamishwa akiwa chini ya uangalizi wodini, klorpromazini ikapunguzwa, na daktari akapanga namna ya kumhamisha taratibu kutoka amitriptilini kwenda dawa inayowafaa zaidi wazee.

"Daktari, kwa nini asiache zote?" binti aliuliza.

"Kwa sababu sonona yake ilikuwa ya kweli, mwanangu, na dawa zilimsaidia. Tunaondoa zilizozidi. Hatuondoi matibabu."

Siku ya tatu mama aliomba uji, na alipoletewa, alimshukuru binti yake kwa jina lake. Kwenye kadi yake ya kliniki, juu kabisa, muuguzi aliandika orodha ya dawa zote kwa wino mwekundu, na chini yake maneno haya: tafadhali soma kabla ya kuongeza.